Tupeane uzoefu: Uliitambuaje diski yako ya bakapu kwenye Linux kabla ya kuigawa?

Mwanzisha mada

Wakuu, naanza na yaliyonikuta. Napiga picha za harusi hapa Mwanza. Kompyuta yangu ina Ubuntu na diski mbili za ndani: sda ya mfumo, sdb ya picha za wateja. Nilinunua diski ya nje ya 1 TB, jioni nikaichomeka, ikaja kama sdc. Nikatengeneza partisheni (sehemu ya diski) moja, nikaandika "sdc1" kwenye karatasi, umeme ukakatika. Nikaenda kulala.

Asubuhi nikawasha mashine diski ikiwa bado imechomekwa, nikaandika mkfs.ext4 /dev/sdc1, amri ya kufomati kwa ext4, mfumo wa faili wa Linux. Ikaniuliza: hii tayari ina ext4 yenye lebo PICHA, niendelee? Nilisoma mstari ule nusu, nikabonyeza y.

Herufi zilikuwa zimebadilishana usiku ule. Kernel (kiini cha Linux) huzigawa kwa kufuata diski ipi imeonekana kwanza, kwa hiyo ile ya nje ilikuwa sdb na picha zangu zikawa sdc. Na kwa kuwa nilikuwa bado sijaifungua diski ya picha asubuhi hiyo, hakukuwa na kitu cha kuizuia amri.

PhotoRec, programu ya kuokoa faili zilizofutika, ilinirudishia picha nyingi, lakini bila majina wala folda. Nilikaa wiki tatu nikitenganisha bibi harusi mmoja na mwingine kwa sura na rangi ya maua. Familia mbili sikuweza kuwakamilishia picha zao, na hadi leo inaniuma.

Siku hizi sigusi kitu kabla ya hii:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL,TRAN,LABEL

Safu ya TRAN (njia diski ilivyounganishwa) ikisema usb, modeli na ukubwa vikilingana na stika ya diski, ndipo naendelea. Karibuni, na wengine mtoe yenu.

Mchangiaji wa 2

Pole sana mkuu. Mimi nafanya hivi: kabla ya kuchomeka nafungua terminali, naandika sudo journalctl -kf (inaonyesha ujumbe wa kernel papo hapo), halafu ndiyo nachomeka. Mistari inashuka mbele ya macho yangu: jina la mtengenezaji, ukubwa, kisha [sdb]. Nachomoa, nachomeka tena, naangalia ni ipi imeondoka na kurudi. Ni dakika moja tu. Ukitaka jina lisilohamahama, tumia lile lililo ndani ya /dev/disk/by-id.

Mchangiaji wa 3

Wakuu, yangu ni ya kugawa. Diski ya 4 TB, nikatumia MBR, jedwali la zamani la partisheni, kwa mazoea. Ikakubali TiB 2 tu, zilizobaki hazishikiki. Nikadhani nimeuziwa mbovu, nikairudisha dukani, na yule kijana wa dukani ndiye aliyenielewesha: MBR kwenye sekta za baiti 512 inaishia hapo, tumia GPT, jedwali jipya zaidi. Ndani ya fdisk, programu ya kugawa diski, ni herufi g, kisha n, kisha w.

Jambo jingine ninalowasisitizia wageni: fdisk haiandiki chochote kwenye diski mpaka ubonyeze w. Ukiona umepotea, bonyeza q utoke salama. Parted, programu nyingine ya kugawa, haina subira hiyo, kila amri inatekelezwa papo hapo. Anayejifunza aanze na fdisk.

Mchangiaji wa 4

Naomba kuuliza. Yangu imeandikwa 1 TB lakini lsblk inasema 931.5G. Nimeibiwa?

Mchangiaji wa 3

Hapana ndugu yangu. Kiwandani wanahesabu kwa elfu, lsblk inahesabu kwa 1024. Ni diski ileile.

Mchangiaji wa 5

Nipo Arusha. Niliiweka diski ya bakapu kwenye /etc/fstab, faili la diski za kufunguliwa mashine inapowaka, ili ifunguke yenyewe. Siku moja nikaisahau nyumbani. Kompyuta ya ofisi ikasubiri dakika moja na nusu, kisha ikanitupa kwenye hali ya dharura, skrini nyeusi, na mishahara ya watu ilitakiwa itoke siku hiyo. Kilichokosekana ni neno moja, nofail, linaloiambia mashine iendelee kuwaka hata diski isipokuwepo. Mstari wangu sasa:

UUID=... /mnt/bakapu ext4 defaults,nofail 0 2

UUID (namba ya kipekee ya partisheni) unaipata kwa sudo blkid.

Na kama unatumia rsync (programu ya kunakili faili) kuhifadhi folda yako ya nyumbani (home), partisheni iwe ext4. Mimi nilianza na exFAT ili Windows nayo isome, nikaja kurudisha faili nikakuta ruhusa na wamiliki vyote vimepotea. Sasa nimeigawa: GB 200 exFAT za kubebea vitu, zilizobaki ext4 za bakapu.

Mwanzisha mada

Mkuu wa Arusha, asante, nofail sikuwa nayo. Nimeiongeza sasa hivi. Nimeandika sudo mount -a, inayofungua diski zilizo kwenye fstab, haijalalamika. Naizima kompyuta na kuiwasha bila diski, nitarudi kuwaambia.

Mwanzisha mada

Imewaka.