Wakuu, hili jiwe la jade Wachina wanalichonga na nini hasa?

Mgeni_Suzhou:
Wakuu habari zenu. Niko Suzhou, China, kimasomo mwaka wa pili sasa, karibu na ninapokaa kuna kichochoro kimejaa mafundi wa jade, kila mlango unasikia vimota vinalia ziii kama kwa daktari wa meno. Kuna mzee mmoja nimemzoea, ananiachia kigoda namwangalia. Sasa wiki iliyopita nimekaa naye jioni tatu mfululizo na hakuchonga kitu! Ana jiwe la ukubwa wa ngumi, nje lina ganda la kahawia, analigeuza, analimulika na tochi, analilowesha, analirudisha kwenye beseni basi. Nikajua mzee kachoka.

Maswali mawili. Moja, naambiwa kisu hakiingii kwenye jade, sasa wale wa zamani kabla ya umeme walichonga na nini? Mbili, kwanini fundi akae na jiwe siku zote hizo, si achore tu anachotaka aanze kazi? Kichina changu ni cha kuulizia bei tu ndo maana nawauliza nyie.

Kekee na Tupa:
Mkuu hilo neno kuchonga ndo linakupoteza. Jade haichongwi, inasagwa. Patasi utaiua bure. Ile jade ya asili ya Wachina, nefraiti, ndani ni nyuzinyuzi zimesukana kama jamvi ndo maana haipasuki kirahisi, na ugumu wake kwenye skeli ya Mohs, ile ya kupimia ugumu wa mawe, ni 6 mpaka 6.5 wakati kisu cha chuma kiko kwenye 5.5 hivi, kwahiyo kinateleza tu. Ila punje za mchanga wa kawaida zinafika 7. Umeona mchezo ulipo?

Watu wa kale wa Liangzhu, upande wa Hangzhou mashariki mwa China, miaka ya 3300 hadi 2300 KK, hawakuwa na chuma hata cha kuonja. Walikuwa na kamba, mchanga na maji. Kamba inaloweshwa, inapakwa mchanga, inavutwa kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka jiwe ligawanyike. Tundu wanatoboa na kitu chenye uwazi katikati kama mwanzi, kinazungushwa kama kekee huku mchanga unakula jiwe kwa chini, wanaanza upande huu halafu wanageuza. Ukichungulia ndani ya vile vitu vyao vinavyoitwa cong, nje mraba katikati tundu la duara, mara nyingi unakuta kijingazi pale kati, ndo matundu mawili yalipokutana yakapishana kidogo. Mimi hicho kijingazi nakipenda kuliko nakshi yenyewe, ni kama umemkuta fundi bado yuko kazini. Kuna cong moja ilitoka makaburi ya Fanshan, ya haohao watu wa Liangzhu, kilo 6.5, imejaa sura za kiumbe mwenye macho makubwa, mistari myembamba kama unywele, na yote hiyo ni kusugua tu.

Baadaye sana ikaja meza ya kukanyaga, fundi anakanyaga pedeli mbili, mshipi unazungusha kisahani cha chuma, mkono mmoja umeshika jiwe, mwingine unachota mchanga mbichi unalisha. Kisahani ni laini kuliko jade ila hakikati chenyewe, kinaubeba mchanga. Siku hizi mota na vichwa vya unga wa almasi, lakini maji lazima yatiririke, ndo hayo unaona mzee ana tope jeupe mpaka kwenye viwiko.

BiMkufu:
Ngoja nijibu la pili maana wanaume mkishaona mashine mnasahau mengine yote 😂

Mdogo wangu huyo mzee hajachoka, hapo ndo anafanya kazi yenyewe. Mbao ukikosea unaweza kuunga, jade ukishasaga imeenda. Na jiwe huwa halina rangi moja, lina ufa huku, doa kule, ganda la kahawia ambalo fundi mjanja halitupi, analigeuza likawa mgongo wa samaki au jani lililokauka. Wachina wana neno lao kabisa la huo ujanja, qiaose. Katafute picha ya ile kabichi ya jade iliyoko makumbusho ya Taipei, ina sentimita 18.7 tu. Jiwe lilikuwa nusu jeupe nusu kijani, na lina nyufa na madoa, kwa bangili lisingefaa kabisa. Fundi akafanya nyeupe iwe bua, kijani iwe majani, nyufa zikapotelea kwenye mishipa ya majani, halafu juu akaweka senene na nzige. Jina lake hatulijui, inaniuma kila nikiikumbuka.

Na kwa mawe makubwa hata mfalme alikuwa hakurupuki. Mfalme Qianlong, wa miaka ya 1700, aliletewa jiwe kutoka Xinjiang, kaskazini magharibi ya China, zaidi ya tani 5. Beijing wakatengeneza kwanza mfano wa nta, wakaogopa joto la kusini litauyeyusha, wakachonga mwingine wa mbao, ndo jiwe na mfano vikapelekwa kwa mafundi wa Yangzhou. Wakasaga miaka kadhaa, imekamilika 1787, mlima mzima wa jade wenye watu wanapasua miamba kumsaidia Yu Mkuu, mfalme wa simulizi zao za kale, kuzuia mafuriko, urefu mita 2.24. Bado uko kasri la Beijing mpaka leo.

Mzigo Guangzhou:
Mimi nipo kibiashara zaidi. Ukitaka kumnunulia mama bangili kuwa makini aisee, mimi nililia. Yuan 1,800, kijani inang'aa kama barafu, muuzaji anaapa. Kuipeleka maabara, cheti kikasema imetibiwa, yaani waliiloweka kwenye asidi ikatoa uchafu halafu wakaijaza gundi ya plastiki, wenyewe wanaita daraja B. Hiyo kijani kali ni jadeiti, jade ya aina nyingine tofauti na nefraiti, inatoka Myanmar, sio ya Xinjiang. Na hata cheti kikiandika Hetian, yaani ule mji wa Xinjiang unaosifika kwa nefraiti, usidhani imetoka Hetian kweli, kwa kanuni zao nefraiti yoyote inaruhusiwa kuitwa hivyo.

Mgeni_Suzhou:
Asanteni sana, BiMkufu shikamoo dada. Leo nimerudi kwa mzee, nikamwonyesha picha ya kabichi kwenye simu, akacheka, akanyosha kidole kwenye kona ya lile jiwe lake. Kuna doa jeusi dogo kama mbegu ya papai, sikuwahi kuliona siku zote hizo. Akachukua brashi akachora mstari mmoja wa wino ukalizunguka lile doa, akaliangalia, akaufuta na kidole gumba, jiwe likarudi kwenye beseni.

Kekee na Tupa:
Hahaha tutakutana hapa mwezi ujao. Akianza kusaga tupia picha mkuu.