DHT22 kwenye mashine ya kutotolesha: joto linashuka ghafla hadi 12, unyevu umepanda bila maji

kiota_tanga
Wakuu salaam. Mashine ni ya mayai 176, inaendeshwa na ESP32 (kompyuta ndogo yenye Wi-Fi). Sensa ya joto na unyevu ni DHT22 tupu ya miguu minne, waya wa simu bapa wa mita 3 hadi kisanduku cha nje, inalishwa 3.3V, rezista sijaweka. Rilei (swichi zinazoamriwa na ESP32) ni mbili: moja ya balbu mbili za wati 100, nyingine ya feni ya 220V. Adapta ya 5V 1A inalisha vyote. Kodi (programu) ya kusoma sensa nimeandika mwenyewe.

Matatizo:
- "nan" (yaani hakuna namba iliyosomeka) inatokea hovyo, hasa ESP32 inapotuma taarifa kwa Wi-Fi.
- Feni ikizima, joto linatoka 37.6 linasoma 12.0, kisha linarudi. Wakati huo balbu zinawaka bila sababu.
- Unyevu ulikuwa unakaa 55. Sasa unasoma 80 hata trei ya maji ikiwa kavu, na kuna asubuhi unaganda kwenye 99.9.

Nimebadilisha sensa nikaweka mpya. Mawili ya kwanza yamebaki vilevile, la unyevu likaondoka halafu likarudi baada ya awamu moja ya vifaranga. Nianzie wapi?

volti_tatu
Mkuu, hayo ni magonjwa matatu tofauti, usiyatafutie dawa moja. Sensa mpya haikusaidia mawili ya kwanza kwa sababu hayako kwenye sensa.

Nianze na hiyo 12.0, maana inajieleza yenyewe. DHT22 hutuma joto kama namba nzima ya sehemu za kumi: 37.6 inasafiri kama 376. Namba hiyo imegawanywa baiti mbili (kila moja biti 8), ya juu ina 1 (yaani 256) na ya chini ina 120. Biti moja ya baiti ya juu ikipotea njiani, kinachobaki ni 120, nawe unasoma 12.0. Tofauti ni 25.6 kamili. Ukiona joto linaruka kwa 25.6, au 12.8, au 6.4, jua waya umeingiliwa. Hewa ya ndani haijabadilika.

Swali ni kwa nini kodi yako iliikubali. Sensa hutuma biti 40: 16 za unyevu, 16 za joto, na 8 za mwisho ni jumla ya uhakiki. Jumlisha baiti nne za kwanza, chukua biti 8 za chini za jibu, linganisha na baiti ya tano. Zisipolingana tupa usomaji wote. Nadhani hatua hiyo umeiruka.

Sasa waya. Karatasi ya vipimo ya AM2302 (ndiyo hiyo DHT22) inasema ukilisha 3.3V kebo isizidi sentimita 100. Wewe una mita 3, bapa, bila rezista ya kuvuta juu (ya kuushikilia waya wa data kwenye volti ya juu). Fanya hivi:
1. Sogeza kisanduku, waya uwe chini ya mita 1. ESP32 yenyewe ibaki nje ya joto.
2. Rezista ya 4.7k kati ya mguu wa data na 3.3V. Ile ya ndani ya ESP32 ni dhaifu mno kwa kazi hii. Moduli za miguu mitatu huwa nayo tayari, ila ya kwako ni tupu.
3. Kapasita ya 100nF kati ya chanya na hasi, ichomelewe lehemu pale pale kwenye miguu ya sensa. Ukiiweka kwenye kisanduku haifanyi kazi yake.
4. Usisome mara nyingi zaidi ya kila sekunde 2. Tena usomaji unaopewa ni wa kipimo kilichotangulia, kwa hiyo kama unasoma kila dakika 5, soma mara mbili uache wa kwanza.

Usije ukakimbilia kulisha 5V huku rezista ikivuta kwenda 5V. Pini za ESP32 ni za 3.3V.

Kuhusu "nan" za Wi-Fi: biti ya 0 hukaa juu mikrosekunde 26 hadi 28, biti ya 1 hukaa 70. Prosesa ikikatizwa na Wi-Fi katikati ya kuhesabu, hesabu inaharibika. Tafuta laibrari inayotumia RMT, ile sehemu ya ESP32 inayorekodi urefu wa mapigo bila kuitegemea kodi yako. Ukishindwa, panga usomaji na utumaji visigongane.

mzee_wa_rilei
Nakubaliana na volti_tatu, ila kabla hajanunua chochote afanye jaribio hili la bure. Chomoa 220V yote, acha rilei ziendelee kulia "tak-tak" bila mzigo.

Makosa yakiisha, chanzo ni cheche za mzigo. Yakibaki, shuku adapta. Zima na Wi-Fi. Yakiisha hapo tu, ni mambo ya muda aliyoeleza. Maltimita isikudanganye: itakuonyesha 4.9V tulivu wakati volti inazama kwa milisekunde chache tu. ESP32 inataka chanzo kinachoweza kutoa angalau 500mA, kila rilei inakula kama 70 hadi 80mA, na adapta nyingi za bei poa zilizoandikwa 1A hazifiki huko. Weka ya 2A, pamoja na kapasita ya 470µF kwenye 5V karibu na ESP32.

Kwa ulivyoeleza, mimi nawekea dau cheche za feni. Na hapo nina swali: feni inazimwa ya nini? Ikisimama, trei ya juu inaungua na ya chini inapoa, sensa yako inapima kona moja tu. Itoe kwenye rilei, izunguke saa zote. Tatizo la pili litapungua papo hapo bila kununua hata rezista.

Kama kuna mota ya kugeuza mayai, hiyo ndiyo utaiwekea kizima cheche: rezista ya 100Ω na kapasita ya 0.1µF kwa mfululizo, sambamba na mota. Kapasita iwe imeandikwa X2 na 275VAC. Usichukue ya kawaida ya 400V ya mkondo mnyoofu, hiyo siku moja itapasuka. Waya wa sensa uwe mbali na nyaya za 220V sentimita 10 au zaidi. Zikibidi kukutana, zikatane kwa pembe mraba, zisilale pamoja kwenye bomba moja.

dada_sensa
Kwenye programu ongeza kinga. Chukua usomaji 5, upange, tumia wa katikati. Usitumie wastani, maana 12.0 moja kati ya tano inakushushia zaidi ya nyuzi 5. Sensa ikikaa kimya sekunde 30, balbu zizimwe na king'ora kilie. Mayai huvumilia zaidi kupoa kidogo kuliko kuungua. Weka pia themostati ya pembeni isiyopitia ESP32, ikate balbu kwenye 38.5.

volti_tatu
Sawa dada, ila arekebishe waya kwanza. Kichujio kikitangulia, waya mbovu unajificha mpaka siku unapokufa kabisa.

kiota_tanga
Asanteni. Nimefanya lile jaribio: bila 220V, 12.0 haitokei kabisa. Feni nimeitoa kwenye rilei, rezista na kapasita zimewekwa, waya ni sentimita 80, uhakiki nimeongeza. "nan" imebaki moja moja. Unyevu bado 80. Je, ni joto linalopimwa vibaya?

dada_sensa
Hapana. Kwenye 37 hivi, kosa la nyuzi 1 linasogeza unyevu wa 60 kwa pointi kama 3. Ili 55 isomeke 80 ingebidi sensa iwe baridi kuliko hewa kwa nyuzi 7 hivi, na hilo ungeliona. Umesema ilirudi baada ya awamu moja. Kati ya awamu unasafisha kwa nini?

kiota_tanga
Naosha kwa sabuni, kisha nafukiza kwa formalin na pamanganeti, mlango umefungwa.

dada_sensa
Sensa ikiwa ndani? Basi ndiyo hiyo. Unyevu unapimwa na utando mwembamba wa plastiki unaofyonza mvuke wa maji. Mvuke wa formalin nao unaingia humo humo, na si wote unaotoka. Silikoni yenye harufu ya siki inafanya vilevile, kwa hiyo usibandikie sensa kwa hiyo. Zile 99.9 za asubuhi ni umande juu ya utando. Zinaondoka zenyewe ikikauka.

Pima kwanza kwa chumvi. Chumvi ya mezani kwenye kifuniko cha soda, tone maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe supu. Weka ndani ya chupa ya kioo pamoja na sensa isiyogusa chumvi, ziba kabisa pale waya unapopita, acha usiku kucha mahali ambapo joto halichezi. Hewa ya humo inatulia kwenye asilimia 75, iwe nyuzi 25 au 30. Ikisoma kati ya 73 na 77 ni nzima. Ikisoma 78 hadi 85, jaribu kuifufua: saa 2 kwenye nyuzi 50 hadi 60 penye unyevu chini ya 10, kisha saa 5 kwenye nyuzi 20 hadi 30 penye unyevu juu ya 70. Ndivyo mtengenezaji anavyoelekeza. Hatua ya pili unaifanya kwenye chupa ile ile ya chumvi.

Hatua ya kwanza ndiyo inayowashinda watu wa pwani. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu 80 ukiipasha hadi 55 bado inabaki na asilimia 20 hivi. Kwa hiyo funga sensa kwenye chupa kavu pamoja na vipakiti vya silika jeli vilivyokaushwa, ndipo uipashe.

Ikigoma, nunua SHT31, sensa nyingine ya joto na unyevu, yenye kifuniko cha PTFE (Tefloni). Inatumia I2C (njia tofauti ya mawasiliano), anwani 0x44, joto lake lina kosa la 0.2 badala ya 0.5, na haijali Wi-Fi kukatiza. Waya wake nao uwe mfupi. Na iwe ipi, iweke plagi ya kuchomoa, itoke nje kabla ya kufukiza na irudi mashine ikishapigwa hewa mpaka harufu iishe.

mzee_wa_rilei
Nyongeza: sensa isiuone mwanga wa balbu. Ikinge kwa kipande cha bomba la PVC lenye matundu, kikae usawa wa mayai. Na ukihakiki joto kwa kipimajoto cha homa, kumbuka hicho hushikilia kiwango cha juu kilichofikiwa, hakishuki chenyewe.