Mbwa wa Nairobi apelekwe ufukweni Diani, au atembee Msitu wa Karura tu?

Hoja: Vikundi vya wapanda vilima hapa Nairobi vimeanza kupanga wikendi za Pwani, kutembea mchangani kutoka Tiwi hadi Diani. Wenye mbwa wanataka kuja nao. Tuwakubali? Leteni vipimo, mapenzi ya mbwa tunayajua tayari.

Kiongozi wa matembezi, Lang'ata
Nakubali. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na ya maji kupwa ni ya umma, kwa hiyo hakuna hoteli ya kukufukuza pale. Mbwa anayemaliza Ngong Hills bila kulala njiani ataimudu Tiwi–Diani. Masharti yangu ni haya: kamba ya mita mbili, si ile inayojirefusha yenyewe, mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni, chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa angalau mwezi mmoja kabla ya safari, na cheti chake mkononi. Mbwa wa kilo 30 abebewe lita tatu za maji matamu, anyweshwe kidogo kidogo kila dakika ishirini. Kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, kumaliza kabla ya saa tatu.

Mzaliwa wa Diani, South C
Ndugu yangu, ratiba hiyo umeipanga kwa saa ya ukutani, hukuuliza bahari. Kati ya Tiwi na Diani kuna mlango wa mto Mwachema, na unavukika kwa miguu maji yakiwa yamekupwa tu. Siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maji hujaa alfajiri na kupwa kabisa saa nne hadi saa tano asubuhi. Ukiondoka saa kumi na mbili ufukwe bado mwembamba, na ukifika mtoni huvuki. Utamketisha mbwa hapo ukingoja maji yatoke huku jua linapanda. Ukija kuvuka, mchanga mkavu wa juu umeshapata moto.

Na ng'ambo ya mto, chini ya mibuyu, upo Msikiti wa Kongo. Ni wa kale sana na unaswaliwa hadi leo. Watu wa Pwani wengi ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafi. Ulowevu wa mbwa ukikugusa, nguo au mwili, unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mbwa aliyetoka majini hujikung'uta, na matone yanafika mita mbili, tatu. Aliyekuwa anaelekea swala anarudi nyumbani kuanza upya. Hilo Katiba haikulisema, lakini ndilo litakalowagombanisha na wenyeji.

Mwenye mbwa, Kileleshwa
Tunatishana bure. Mbwa wa mitaani wa Diani wanakaa ufukweni mwaka mzima, mbona hawafi? Mchanga wa pale ni mweupe, wa matumbawe, hauchomi kama lami ya Ngong Road.

Daktari wa mifugo, Karen
Mtazame huyo mbwa wa mtaani saa nne asubuhi: amelala chini ya mvinje, amechimba hadi mchanga wenye unyevu, tumbo limegusa chini. Hatembei. Wa kwako amekulia mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwenye hewa kavu, na atakufuata kwa sababu umemvuta.

Mbwa hupoa kwa kuhema. Mate yakikauka ulimini yanaondoka na joto. Hewa ya Pwani imejaa unyevu, mate hayakauki upesi, kwa hiyo anahema sana na hapoi. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 40 safari imekwisha, likifika 41 unapigania uhai wake. Hamna kipimajoto? Tazameni ulimi: ukitanuka kama kijiko na kuning'inia pembeni, fizi zikawa nyekundu sana, mate yakawa mazito ya kuvutika, simameni. Mmwagieni maji ya kawaida mfululizo na kumpepea, kisha kwa daktari. Msimfunike taulo lililolowa, linageuka blanketi. Wale wa pua fupi wasiende kabisa, hapo sijadili.

Kuhusu mchanga, weka mgongo wa mkono kwa sekunde saba. Ukishindwa, mbwa atembee kwenye ukanda uliolowa tu.

Ila joto si tishio pekee. Wavuvi wakivuta nyavu hutupa bunju, samaki mwenye sumu, mchangani, kwa kuwa haliwi. Sumu yake haiishi samaki akikauka. Mbwa akiokota mmoja, miguu inalegea kwanza, halafu pumzi, na dawa ya kuiondoa sumu hiyo hakuna. Kwa hiyo kamba ya mita mbili naiunga mkono, ingawa mimi ningeongeza kifunga mdomo cha wavu, kile kinachomruhusu kuhema.

Msimrushie mpira baharini. Kila akiuokota anameza maji, na lita moja ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Huanza kutapika na kuhara, na akizidisha huyumba na kupata degedege.

La mwisho, Kwale ina mbung'o, hasa upande wa Shimba Hills. Mkisharudi Nairobi, mbwa akipata homa, uso ukavimba au jicho likaingia ukungu wa buluu, mwambieni daktari kwamba alikuwa Kwale. Asipojua, atatibu homa ya kupe huku nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, inapanda ubongoni. Na msinunue dawa ya ng'ombe dukani mkapima kwa macho; ikizidi kidogo tu inaharibu ubongo wa mbwa.

Kiongozi wa matembezi, Lang'ata
Daktari, nimekusikia, wa pua fupi nawaondoa. Kuhusu maji, tuchague siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu: kupwa huangukia saa kumi, kumi na moja jioni. Ufukwe unaelekea mashariki, kwa hiyo jioni jua liko nyuma ya miti na mchanga umeanza kupata kivuli.

Mzaliwa wa Diani, South C
Hapo umeongea kama mtu wa Pwani. Lakini maji mafu hayatoki mbali, mto unabaki na kina na mbwa ataogelea. Atatokea upande wa msikiti amelowa, Alasiri au Magharibi.

Mwenye mbwa, Kileleshwa
Basi tuanzie ng'ambo, Diani peke yake, mto tuuache.

Mzaliwa wa Diani, South C
Hiyo naikubali, mradi muelekee kusini. Ila kule kuna mbega wanaoshuka chini kuhamia mti mwingine, na misimu ya kasa kutaga, mbwa akinusa shimo la mayai analifukua lote. Kamba isifunguliwe hata dakika moja. Na kwa anayeng'ang'ania kuvuka mto, ipo mitumbwi. Mapatano na mwenye mtumbwi yafanyike kabla mbwa hajashuka garini, kwa kuwa wengine watakubeba wewe na mbwa watamkataa.