Mjadala: Muuzaji akifunga duka, mnunuzi aruhusiwe kuvunja kufuli la gemu aliyoilipia?

Ndugu wachangiaji, naleta hoja ambayo kwa muda mrefu imejadiliwa kana kwamba ina watu wa aina mbili tu, wezi na wenye mali. Tarehe 27 Machi 2023 kampuni ya Nintendo ilisitisha mauzo katika maduka ya mtandaoni ya mashine zake mbili za gemu, 3DS na Wii U. Waliokwisha kununua waliachiwa nafasi ya kupakua tena walichokilipia, ila hawakuambiwa nafasi hiyo itadumu hadi lini. Microsoft ilifunga duka la mashine yake ya Xbox 360 tarehe 29 Julai 2024. Sony nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba ingefunga maduka ya mashine zake za PlayStation 3, PSP na Vita, kisha ikabadili uamuzi kuhusu PlayStation 3 na Vita baada ya wateja kupiga kelele.

Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga asisumbuke kuutafuta. Naona kwamba mara muuzaji anapoacha kuiuza gemu, aliyeilipia apewe ruhusa ya kisheria ya kuitoa katika mashine yake na kuicheza kwa emuleta, yaani programu inayoifanya kompyuta au simu ifanye kazi kama mashine ile ya zamani. Kabla ya hapo, hapana.

Emuleta yenyewe si haramu, ingawa wengi husema hivyo. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix iliuza programu iliyowawezesha wenye kompyuta za Macintosh kucheza diski za PlayStation, Sony ikaishtaki, na mwaka 2000 mahakama ya rufaa nchini Marekani ikaamua kwamba kunakili programu ya ndani ya mashine kwa ajili ya kuichunguza na kutengeneza bidhaa mpya yalikuwa matumizi halali. Kikwazo cha leo ni kufuli. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli la kidijitali linalolinda kazi yenye hakimiliki, na misamaha ya katazo hilo hujadiliwa upya kila baada ya miaka mitatu.

Tuitazame 3DS kwa karibu, maana hapa ndipo watu hupapita haraka mno. Gemu iliyonunuliwa dukani kwake huhifadhiwa kwenye memori kadi ya kawaida, ambayo unaweza kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta yoyote. Utayaona mafaili, utaona ukubwa wake, lakini yamesimbwa, yaani yamegeuzwa kuwa fumbo linalofunguliwa kwa ufunguo wa siri wa mashine ile ile moja. Kadi hiyo ukiihamishia kwenye 3DS ya ndugu yako, hata kama ni ya toleo lile lile, gemu haitafunguka. Mashine ikifa, bawaba ikakatika au kioo kikapasuka, mafaili yanabaki mkononi mwako bila faida, na msaada pekee unaoruhusiwa ni kampuni ile ile iliyokwisha kufunga duka.

Sasa linganisheni na kilichofuata. Februari 2024 Nintendo iliwashtaki watengenezaji wa Yuzu, emuleta ya mashine ya Switch, na mwezi Machi pande mbili zikamalizana kwa makubaliano ya dola milioni 2.4 bila mahakama kupima hoja zote. Katika madai yake Nintendo ilieleza kwamba gemu moja kubwa ilikuwa imepakuliwa kinyume cha sheria zaidi ya mara milioni moja kabla hata haijaingia sokoni. Kwa hilo niko upande wa kampuni bila kusita, kwa sababu huwezi kudai unahifadhi kitu ambacho hakijatoka. Lakini timu hiyo hiyo ilikuwa ikitengeneza pia Citra, emuleta ya 3DS, nayo ikaondolewa siku moja na Yuzu, chini ya mwaka mmoja tangu duka la 3DS lisitishe mauzo. Kesi ya mashine iliyo sokoni ikaizika na ile iliyokwisha kuondolewa sokoni. Wanaosema sheria iliyopo inatosha wanieleze hapo.

Hoja ya kwamba kampuni zitazirudisha zenyewe gemu za zamani siipuuzi, kwani baadhi hurudishwa, na mara nyingine kwa ubora zaidi. Hata hivyo, utafiti uliotolewa mwaka 2023 na Video Game History Foundation, shirika linalohifadhi historia ya gemu, ulionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa Marekani hazipo tena sokoni. Maktaba zilipoomba kuwaruhusu watafiti wazifikie gemu za aina hiyo kwa mbali, ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilikataa Oktoba 2024, kwa kuhofia zaidi kwamba watu wangezicheza kwa kujifurahisha. Kuhusu hoja kwamba tulinunua leseni tu, yaani ruhusa ya kuitumia gemu na si gemu yenyewe, jimbo la California limewalazimu wauzaji kulisema hilo waziwazi tangu Januari 2025. Ni vizuri, ingawa kumweleza mtu kwamba atanyang'anywa si sawa na kutomnyang'anya.

Nakiri kwamba pendekezo langu halizisaidii gemu zinazotegemea seva, yaani kompyuta za kampuni ambazo gemu lazima iunganishwe nazo kwa intaneti. Kampuni ya Ubisoft ilipozima seva za gemu yake ya The Crew tarehe 31 Machi 2024, hata mwenye diski hakuweza kuicheza, na emuleta isingemfaa kitu. Kampeni ya Stop Killing Games, inayopinga gemu zilizouzwa kuzimwa namna hiyo, iliyoanza baada ya hapo imelichukua suala hilo hadi Umoja wa Ulaya.

Kinachonisumbua zaidi ni ushahidi wa manunuzi. Mei 2024, Sony ilipotaka wachezaji wa gemu yake ya Helldivers 2 kwenye kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, gemu hiyo iliondolewa kwenye mauzo ya Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, katika nchi zaidi ya 170, kwa kuwa huduma ya akaunti za PlayStation haikuwa imefunguliwa rasmi katika nchi nyingi, zikiwemo nyingi za Afrika. Sharti lilifutwa, ila hali ya akaunti ni ile ile: mchezaji wa Dar es Salaam au Nairobi hujisajili kama mkazi wa Marekani au Uingereza, hununua kadi za zawadi za huko, na risiti zote hubaki kwenye akaunti yenye anwani isiyo yake. Sheria ikisema haki ya kufungua kufuli ni ya aliyeweza kuthibitisha kwamba alinunua, na kumbukumbu zote za manunuzi zinashikwa na muuzaji, huyu wetu atathibitisha kwa kitu gani? Wenye uzoefu wa sheria za hakimiliki, nawaomba mwanzie hapo.