Nimpeleke binti yangu vidudu (chekechea) Januari au nisubiri mwaka mmoja? Naombeni ushauri

Mama Nuru, Morogoro

Habari zenu ndugu zangu. Naombeni ushauri wa kweli, hasa walimu na wenye watoto wadogo.

Binti yangu kazaliwa Septemba 2021, kwa hiyo shule zikifunguliwa Januari 2026 atakuwa na miaka minne na miezi minne. Baba yake ameshampatia nafasi bebi klasi kwenye shule moja ya binafsi, na ada ya muhula wa kwanza wanaitaka kabla ya Krismasi. Mimi moyo unasita.

Kichwani yuko vizuri. Anahesabu mpaka ishirini, irabu anaziimba, rangi anazijua. Ila kwa mtu asiyemzoea anafunga mdomo kabisa. Mwezi uliopita nilimwacha kwa jirani saa mbili tu. Haja ndogo ikambana, hakusema, akajikojolea, akajificha nyuma ya mlango mpaka niliporudi. Nililia nilipomkuta vile. Halafu kuna basi la shule: kwetu linapita saa kumi na moja na nusu alfajiri, linazunguka mitaa mpaka saa moja.

Mama mkwe anasema shule haikimbii. Mume wangu anasema mtoto wa jirani ni rika lake na tayari anasoma "baba" na "kaka". Nifanyeje?

Mwalimu wa Awali

Pole mama, na usijilaumu kwa hilo la kwa jirani. Nafundisha awali shule ya serikali, mwaka wa kumi na moja sasa. Wanaonipa mawazo kila Januari si wale wasiojua a-e-i-o-u, maana hao wengi ikifika Juni wameshazishika. Anayeteseka ni yule asiyeweza kuniambia "mwalimu tumbo linauma" au "mwalimu nataka chooni". Mwongozo unasema watoto 25 kwa mwalimu mmoja. Mimi ninao zaidi ya sitini. Mtoto akinyamaza, naweza nisimwone mpaka wakati wa kwenda nyumbani.

Piga hesabu na mzee wako. Darasa la kwanza siku hizi ni miaka sita. Huyu ataingia Januari 2028, na mwaka wa awali unaohitajika ni 2027. Akibaki nyumbani 2026 hajapitwa na chochote.

Wiki hii mwangalie bila kumsaidia. Anavaa viatu mwenyewe? Anajisafisha chooni? Ukimwambia "chukua kikombe, kakiweke kwenye beseni" anayafanya yote mawili au anaishia kwenye kikombe? Hadithi fupi anaisikiliza mpaka mwisho? Hayo ndiyo ningeuliza kabla ya irabu.

Baba Wawili

Mimi nilikuwa kama huyo mume wako, kwa hiyo namwelewa. Wa kwanza nilimwingiza akiwa hajatimiza miaka mitatu na nusu, nikajivunia anavyosoma mabango ya barabarani. Alipofika darasa la pili, kila Jumapili jioni alikuwa analia tumbo linamuuma. Tulimhamisha, akarudia darasa, na mpaka leo inanichoma kwamba yeye alidhani anaadhibiwa.

Na hilo basi msilichukulie kirahisi. Mtoto wa umri huo anahitaji kulala saa kumi au zaidi kwa siku. Ukimwamsha saa kumi na moja, inabidi awe amelala saa moja jioni. Nyumba gani kwetu inalaza mtoto saa moja?

Mama Swaleh, Mombasa

Dadangu, mimi naona tofauti kidogo. Huku Kenya wa miaka minne ndiye wa PP1, yaani mwaka wa kwanza wa awali, wa mitano PP2, na wa sita gredi ya kwanza. Wangu alikuwa kimya hivyo hivyo. Ningemngoja azungumze kwanza nyumbani, ningengoja sana, maana nyumbani tayari alikuwa anazungumza! Nilianza na chuoni, yaani madrasa, hatua chache kutoka mlangoni, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi. Wiki ya kwanza nilikaa barazani akiniona. Wiki ya pili nikasogea hadi kwa jirani. Alizoea watu kwa kukaa na watu. Shida yako si umri, ni umbali na urefu wa siku.

Mzee wa Kilosa

Enzi zetu, vyeti vya kuzaliwa wachache walikuwa navyo. Mwalimu mkuu alikwambia upitishe mkono juu ya kichwa ushike sikio la upande wa pili. Wa mdogo wangu haukufika, akarudishwa nyumbani mwaka mzima, akashinda na bibi shambani. Hakuna aliyemwita mjinga. Siku hizi naona mzazi anaogopa kama vile mwaka huo mtoto ataupoteza.

Nesi Mtaani

Mama Nuru, kukojoa kitandani usiku kwa umri huo ni kawaida, usilifanye kigezo. Ninachouliza: nyumbani anaongea vizuri? Mgeni anaelewa anachosema? Ukimwita kwa sauti ndogo akiwa amekupa mgongo anageuka? Kama una shaka, mpeleke kliniki wampime masikio kabla ya kuamua lolote. Na kama kimya hicho kitaendelea miezi kadhaa hata kwa watu anaowaona kila siku, rudi tena.

Mama Nuru, Morogoro

Asanteni sana, nimewasoma wote na mume wangu kawasoma. Nesi, masikio mazima, nyumbani anaongea mpaka usingizi unamkuta katikati ya sentensi.

Jana tulikwenda ile shule tukakaa darasani. Walimu wapole, lakini choo kiko ng'ambo ya uwanja na lazima mtoto anyooshe mkono aombe. Nilimwona mume wangu akikiangalia choo, akanyamaza. Hatulipi. Kuna mwalimu mstaafu mtaani kwetu ana watoto kumi na wawili, saa tatu mpaka saa sita, tunakwenda kwa miguu. Awali ni 2027.

Mwalimu, namfundishaje kusema shida yake?

Mwalimu wa Awali

Umefanya vyema. Chezeni shule, yeye awe mwalimu, wewe uwe mtoto unayetaka chooni. Pia mtume vitu vidogo kwa watu anaowajua kidogo. Usimsemee. Hapo ndipo wazazi tunashindwa, tunamjibia.

Mama Nuru, Morogoro

Leo nimemtuma chumvi dukani kwa Mangi, mimi nimesimama barabarani. Amekaa pale dirishani kama dakika nzima, Mangi anamngoja. Mwishowe akasema "chumvi", sauti ndogo kweli. Mangi akampa, na chenji akahesabu naye.