Wakili wa ajira, wakili wa mafao au mhasibu: nani asome karatasi zangu za kuondoka kazini huku Marekani?

Mzee_wa_Ripoti:
Wakuu habari zenu. Nimekuwa mkurugenzi wa mauzo miaka 11, wiki iliyopita nikaitwa nikapewa bahasha. Ndani kuna mkataba wa kuachana, hesabu ya 401(k) (akiba yangu ya uzeeni ya kazini), na ile pesa ya mshahara niliyokuwa naiahirisha kila mwaka, ambayo inatakiwa kulipwa kwa awamu 5. Nina miaka 52 kwa hiyo nimepewa siku 21 za kufikiria, zimebaki 13. Wakili wa ajira anataka asilimia ya nyongeza atakayoipata, wakili wa mafao analipisha kwa saa na saa yake inauma, mhasibu namlipa tayari. Nishike yupi?

binti_saida:
Wa ajira, sioni cha kujiuliza. Wangu alinitoa miezi 4 ya mshahara mpaka 9 kwa simu mbili tu. Hao wa mafao kazi yao kukodolea makaratasi, kuvutana na kampuni hawajui.

Mchambuzi_K:
Dada, inategemea mtu ana nini mkononi. Kama ni mshahara na bonasi tu nakubali, ila huyu ana pesa iliyoahirishwa na hapo kuna mambo ya 409A, ile sheria ya kodi ya pesa za kuahirisha.

Mzee_wa_Ripoti:
Hapo ndo penyewe sasa, wa ajira kasema ataomba ile pesa yote ilipwe kwa mkupuo badala ya awamu, nikaona bonge la dili

wakili_mstaafu:
Kaka, ishia hapo hapo. Hii kazi ya mafao nimeifanya mpaka nimeota mvi. Kuharakisha malipo ndicho kitu 409A inachokataza, ukiacha vijitundu vichache, na ukiivunja pesa yote inahesabiwa kipato cha mwaka huo, juu yake kodi ya ziada 20% na riba, na anayelipa ni wewe, kampuni inakuangalia tu. Sheria ni ya 2004, ilikuja baada ya wakubwa wa Enron, ile kampuni ya nishati, kuchota pesa zao za kuahirisha kampuni ikikata roho. Upande wa pili, kusubiri awamu nako kuna hatari yake: kampuni ikifilisika 401(k) yako haiguswi, lakini ile ya kuahirisha unapanga foleni na wadai wengine. Kwa hiyo swali la kuuliza ni kampuni ina afya gani, na hati ya mpango inasemaje. Hati yenyewe, siyo ile brosha ya HR.

binti_saida:
Haya hilo la 20% sikulijua 😅 ila miezi bado nani atamuongezea?

Mchambuzi_K:
Wa ajira huyo huyo. Wa mafao mpe saa chache asome kabla mwenzake hajafungua mdomo, mhasibu aje mwisho kupiga hesabu. Na ile asilimia ihesabiwe kwenye nyongeza tu, pesa iliyokuwa yako toka mwanzo isiguswe, iandikwe kabisa.

Mzee_wa_Ripoti:
Nimeipata hati, kurasa 40. Ukurasa wa 19 unasema awamu ya kwanza ni Januari baada ya kuacha kazi. Halafu mkataba waliouleta wao wenyewe unasema yote ndani ya siku 30 baada ya kusaini. Hivi HR wameliona hili kweli?

wakili_mstaafu:
Hawajaliona, na huko ndiko kuharakisha malipo kwenyewe. Mpigie wa mafao kesho asubuhi, mtajie huo ukurasa wa 19 kabla hata ya salamu.