Mzigo ukiingia Mbeya nimjulishe nani? Tulinganishe WhatsApp, meseji na arifa za dukani

MamaWali_Mwanjelwa
Wakuu, habari za mchana. Wenye maduka ya mtandaoni yanayouza zaidi ya mkoa mmoja, naomba mnisaidie kulinganisha, maana jambo hili limenipotezea wateja niliowahangaikia miaka mitatu.

Nauza mchele wa Kyela, kahawa ya Mbozi na vikapu vya milulu ninavyochukua Iringa. Stoo kubwa iko Mwanjelwa, Mbeya, ndogo iko Dar kwa mdogo wangu, na wateja wa Zambia wanachukulia mzigo Tunduma kwa mtu ninayeaminiana naye. Kila bidhaa iliyoisha ina kitufe cha "Nijulishe mzigo ukiingia". Mteja anaacha namba, basi. Mwisho wa Mei, kabla mchele mpya haujapanda kutoka Kyela, waliokuwa wakisubiri mchele peke yake walifika 340.

Juni nikapata mifuko 60 ya kilo 10. Kuandika tu ile 60 kwenye mfumo, ujumbe ukaondoka kwa watu wote 340 kwa mkupuo: "Mchele wa Kyela umerudi, agiza sasa." Hadi jioni mifuko 44 ilikuwa imelipiwa na watu wa Dar, na stoo ya Dar haikuwa na hata punje. Nikaisafirisha kwa basi kwa hela yangu. Watu wa Sae na Soweto, hapahapa Mbeya, ambao bodaboda inawafikia kwa dakika chache, wakakuta umeisha. Wa Zambia waliletewa bei ya shilingi na ukurasa usiowaruhusu hata kuchagua Tunduma. Mama mmoja, mteja wangu tangu mwanzo, aliniambia, "Mwanangu, usiniite tena kama huna cha kunipa." Maneno hayo nimelala nayo siku kadhaa.

Sasa niendelee na arifa za tovuti, nihamie WhatsApp, au ninunue meseji za jumla? Mwenye uzoefu aseme na kilichomshinda.

Fundi_Uyole
Pole sana dada. Natengeneza tovuti za maduka na hili nimelikuta mara nyingi. Shida yako haiko kwenye njia ya kupeleka ujumbe, iko kwenye hesabu. Mfumo wako unajua idadi moja tu ya mchele. Ukiandika 60, kwake ni 60 popote mteja alipo. Hata ukihamia WhatsApp kesho, utawaita walewale ambao huna cha kuwapa.

Kwa hiyo anza na mfumo wa duka. Shopify inahesabu mzigo kwa kila stoo: Mbeya 60, Dar 0, Tunduma 0. Lakini programu ya nyongeza inayotuma arifa ni kitu kingine, na isipowekewa masharti ya stoo inaweza kuangalia jumla, ikaona 60, ikatuma. WooCommerce, mfumo mwingine wa duka la mtandaoni, bila nyongeza haina stoo nyingi. Ila inaruhusu bidhaa moja kuwa na aina kadhaa, kila aina na idadi yake. Kwa wateja wangu ambao bajeti yao ni ndogo natumia mlango huo: "Mchele kilo 10" unakuwa na chaguo la Mbeya, la Dar na la Tunduma. Mtu akibonyeza "Nijulishe" anakuwa ameshachagua stoo. Hakikisha tu kitufe chako kinasoma aina, si bidhaa nzima. Ubaya wake ni kazi ya kujaza: bidhaa 20 kwa stoo tatu ni mistari 60 ya kuhesabu kila mzigo unapotembea.

Wewe unatumia ipi?

MamaWali_Mwanjelwa
WooCommerce, kaka. Na kitufe changu kinasoma bidhaa nzima, nimeangalia sasa hivi.

BintiMilulu_Iringa
Kamwene nyote. Mimi nauza vikapu tu, na nimekaa na WhatsApp ya biashara ya kwenye simu. Kikapu cha milulu hakifanani na mwenzake hata mfumaji akiwa mmoja, kwa hiyo mteja anataka picha ya kikapu chenyewe na anataka kujibu hapohapo. Kwa hilo WhatsApp haina mpinzani.

Lakini ijue mipaka yake. Orodha moja ya kutuma kwa pamoja inabeba watu 256, na ambaye hakuhifadhi namba yako hapokei kitu. Miezi mingi nilidhani wateja wamenichoka, kumbe nusu yao ujumbe haukuwafikia. Siku hizi anayeomba kujulishwa namwambia kwanza ahifadhi namba, kisha naandika mkoa mbele ya jina lake, na kila mkoa una orodha yake.

Kabla ya hapo nilikuwa na kitufe kama chako, dada. Mteja wa Dodoma alirudisha kikapu kimoja kilicholegea mkono. Mfumo ukaona sifuri imekuwa moja, ukawaita watu 90. Na hicho kimoja chenyewe kilikuwa kinarudi kwa mfumaji kushonwa! Fundi, hakuna namna ya kuuzuia?

Fundi_Uyole
Ipo. Nyongeza nyingi zina sehemu ya kuweka kiwango: usiite mtu mpaka mzigo ufike idadi fulani. Kwa vikapu weka hata 10. Na vinavyorudishwa visiingie kwenye idadi ya kuuza mpaka mtu avikague kwa mkono.

Kaka_Makambako
Mnasahau wenye vitochi. Nauza maharage na mbegu za viazi kutoka Makambako kwenda Njombe, Ludewa hadi Songea, na mkulima wangu hana bando kila siku. Meseji ya kawaida inamkuta shambani. Kwa watu wa namna hiyo siwezi kuibadilisha na kitu kingine chochote.

Gharama zake zina mtego ambao sikuambiwa na aliyeniuzia. Meseji moja ni herufi 160. Ukiweka alama moja isiyo ya kawaida, kama kile kikatuni cha tabasamu, nafasi inashuka hadi herufi 70 na unalipia vipande. Sisi tuna mtego wetu wa Kiswahili, ile "ng'". Niliandika "maharage yanayong'aa", simu ikaipinda ile alama ya juu, na meseji ya herufi 130 ikahesabiwa mbili. Wateja 600, nikalipia 1,200. Sasa naandika "maharage safi" na kuhesabu herufi kabla ya kutuma.

Halafu hakuna picha, na ujumbe ukionyesha jina la biashara badala ya namba, mteja akijibu, jibu halifiki. Lazima uweke namba ya kupiga.

Mpakani_Tunduma
Dada, kwa wateja wa Zambia niongeze yangu. Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja. Ujumbe wa saa 12 asubuhi ya Mbeya unamwamsha mtu wa Lusaka saa 11 alfajiri. Mimi natuma saa 4 yetu.

Bei andika kwa kwacha na uitaje ni ya siku gani, kwa sababu inabadilika. Na hapa Fundi naomba nikupinge kidogo: stoo moja ya Tunduma haitoshi. Mzigo ulio Tunduma na mzigo uliokwisha vuka hadi Nakonde, upande wa Zambia, ni vitu viwili kwa mteja. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kifunguliwe 2019 ukaguzi ni wa mahali pamoja, lakini karatasi za mzigo bado ni zilezile. Mteja akiambiwa "umefika" anapanga gari la siku hiyohiyo. Kama mzigo haujavuka, mwambie haujavuka.

Fundi_Uyole
Nimekubali, mkuu. Na hata Dar ni hivyohivyo. Kutoka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na lori likizuiwa mlima Kitonga ratiba yote inakwisha. Mzigo ulio njiani usihesabiwe kuwa wa Dar. Aandike Dar yule aliyeupokea na kuuhesabu, si aliyeupakia.

MamaWali_Mwanjelwa
Nawaelewa vizuri sasa. Swali langu lililobaki: hata nikigawa mikoa, Dar peke yake wanaosubiri ni wengi. Nikipeleka mifuko 20, wote niwaite?

Kaka_Makambako
Waite waliokwisha nunua kwako angalau mara mbili. Hao ndio wanaolipa.

BintiMilulu_Iringa
Hapana kaka, hapo mimi siko nawe. Aliyeandika namba yake Machi amesubiri kuliko aliyenunua mara tano akaandika jana. Foleni ni foleni. Akijua kwamba anarukwa hataandika tena.

Fundi_Uyole
Mimi niko upande wa foleni, ila kwa mafungu. Mifuko 20, ita watu 40 wa kwanza, maana si wote watakaonunua. Subiri kwa muda wa saa sita. Ikibaki mifuko, ita 40 wengine. Ikiisha, wasioitwa hawajasumbuliwa, na nafasi yao iko palepale. Na kwenye ujumbe andika idadi iliyopo: "Mifuko 20 imefika Dar." Mtu akikuta imeisha hatasema umemdanganya.

Kama siku moja orodha itakushinda kwa mkono, ipo ile WhatsApp ya kuunganishwa na mfumo. Unalipia, maneno ya ujumbe yanaidhinishwa kwanza, na mteja akikujibu una saa 24 za kuzungumza naye kwa uhuru. Kwa watu 340 bado sioni haja.

Parachichi_Njombe
Neno moja tu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inafanya kazi tangu 1 Mei 2023. Mtu aliyekupa namba ili ajulishwe mchele hakukupa ruhusa ya kumtangazia kahawa. Kwenye kitufe andika namba itatumika kwa nini, na kila ujumbe uwe na njia ya kujitoa.

MamaWali_Mwanjelwa
Ndaga fijo, wote. Nimerudi baada ya wiki tatu niwaeleze nilichofanya.

Niliwapigia na kuwaandikia wote 340 kuwauliza wanachukulia wapi. Kazi ya siku nne, mwanangu akinisaidia jioni. Mbeya na jirani ni 118, Dar 171, Zambia 51. Mchele sasa una aina nne: Mbeya, Dar, Tunduma na Nakonde, kila moja na kitufe chake. Mbeya na Dar nawatumia meseji fupi, maana kati yao nimekuta wenye vitochi wengi kuliko nilivyodhani. Zambia na wateja wote wa vikapu ni WhatsApp, kwa orodha za mkoa kama za BintiMilulu. Yule mama nilimpigia mwenyewe, nikamwomba radhi, na wiki iliyopita alichukua mifuko miwili Mwanjelwa.

Kuhusu foleni nimemfuata BintiMilulu, kwa mafungu ya Fundi. Kaka Makambako, wateja wa zamani nimewawekea mifuko mitano pembeni kila mzigo, wapige simu wenyewe.

Jana usiku mifuko 30 imeshuka Dar. Mdogo wangu ataihesabu asubuhi. Akinipigia nitaweka mitano pembeni, nitaandika 25 na kuwaita 50 wa kwanza.